Pound: uzito, zizi na kutwanga

Fungua kamusi yoyote kubwa ya Kiingereza utafute "pound". Hutakuta kidahizo kimoja, yaani neno moja lililoorodheshwa ili lielezwe. Utakuta vitatu, kila kimoja kimewekewa kinamba kidogo juu yake. Kinamba hicho si pambo: mtunga kamusi anakwambia kwamba haya ni maneno matatu yenye asili tofauti, yaliyokuja kukutana kwenye tahajia moja. Maana zilizoorodheshwa ndani ya kidahizo kimoja ndizo zenye undugu. Wanaisimu huita hali ya kwanza homonimu na ya pili polisemia, na asiyezitenganisha atahangaika bure kutafuta pauni ya fedha inahusiana vipi na kutwanga. Hazihusiani.

Sisi jambo hili si geni kwetu. Tuna "paa" mnyama, "paa" la nyumba, na "paa" la ndege kuruka. Ila sisi tunaokolewa na ngeli: ukisikia "paa huyu" au "paa hili" umeshamaliza kazi. Kiingereza hakina msaada huo, kwa hiyo msomaji wa "pound" lazima aangalie mambo mengine: kama kuna namba mbele yake, kama limetumika kama kitenzi, na anayesema ni Mmarekani au Mwingereza. Kwa maoni yangu, kutofautisha maneno yale matatu ni kazi nyepesi. Kinachowaponza watu, wakiwemo wahandisi na marubani, ni maana zilizojazana ndani ya lile neno la kwanza.

Uzito

Warumi walikuwa na kipimo cha uzito walichokiita "libra". Walipotaka kusema libra moja kwa kupimwa, walisema "libra pondo". Jina la kipimo ni lile la mbele. "Pondo" ilikuwa na maana ya "kwa uzito" tu. Makabila ya Kijerumani yaliyofanya nao biashara yakachukua neno la nyuma na kuliacha la mbele. Ndiyo maana Kijerumani kina "Pfund", Kiholanzi "pond", Kiswidi "pund" na Kiingereza "pound". Kwamba lilikopwa zamani sana tunalijua kwa "pf" ya Kijerumani: neno liliingia mapema kiasi cha kukumbwa na badiliko lililogeuza "p" za mwanzo wa maneno kuwa "pf" katika lugha hiyo. Wafaransa, Waitalia na Wahispania walifanya kinyume chake, wakabaki na lile la mbele: "livre", "lira", "libra".

Hapo ndipo lilipo jibu la swali la kila mwanafunzi, kwamba kwa nini "pound" hufupishwa "lb" wakati haina "l" wala "b". Makarani wa Uingereza waliandika hesabu zao kwa Kilatini, wakafupisha "libra". Alama ya £ nayo ni "L" ile ile ya "libra", imepigwa mstari kuonyesha kwamba ni kifupisho. Kwa hiyo Mwingereza husoma neno moja na kuandika kifupisho cha neno jingine, tena bila kushtuka.

"Pondo" limetoka kwenye ukoo wa kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuning'iniza na kupima, kwa sababu mizani ni kitu cha kuning'iniza. Na kwa kuwa malipo ya kale yalikuwa madini yaliyopimwa, kitenzi hicho kikapata pia maana ya kulipa. Katika ukoo huo wamo "spend", "ponder" yaani kupima jambo kichwani, na "pension", ambayo kwetu ni pensheni. Pensheni na pauni ni binamu.

Ukoo wa ratili, jina letu la "pound" ya uzito, una mambo yake. Neno hili tumelipata kwa Kiarabu, "ratl", nalo linarudi hadi Kigiriki "litra", kipimo cha uzito. "Litra" hiyo hiyo ikapitia Kilatini na Kifaransa ikaishia kuwa lita ya ujazo. Wakia nayo imetoka kwenye "uncia" ya Kilatini kwa njia ya Kigiriki na Kiarabu. Maana yake ni sehemu moja ya 12, na ndiyo iliyozaa aunsi na inchi. Inchi imebaki mwaminifu kwa asili yake, maana ni sehemu ya 12 ya futi. Aunsi ya kawaida imeasi: ziko 16 katika ratili moja.

Nasema aunsi ya kawaida kwa sababu zipo mbili, na hapa ndipo penye mtego wa kwanza. Ratili inayotumika kupimia karibu kila kitu huitwa "avoirdupois". Ina punje 7,000, ikiwa punje ni kile kipimo kidogo ambacho Waingereza walikichukua kutoka kwenye nafaka. Ratili ya troy, iliyokuwa ya madini ya thamani, ina punje 5,760 na imegawanywa kwa aunsi 12. Sasa kokotoa. Ratili ya avoirdupois ni gramu 453.59, ya troy ni gramu 373.24. Lakini aunsi ya avoirdupois ni gramu 28.35, na ya troy ni gramu 31.10. Kwa hiyo ratili ya manyoya ni nzito kuliko ratili ya dhahabu, ilhali aunsi ya dhahabu ni nzito kuliko aunsi ya manyoya. Watu hulitega kama fumbo, lakini kwa anayenunua dhahabu si fumbo hata kidogo. Ratili ya troy ilifutwa kisheria Uingereza mwaka 1878, aunsi yake haikufutwa, na bei ya dhahabu duniani bado inatajwa kwa aunsi hiyo. Mtu akikupimia kwa aunsi ya gramu 28.35 na kukutoza kwa bei ya aunsi ya gramu 31.10, amekupunja karibu asilimia 9.

Ratili ya leo ni gramu 453.59237 kamili, si zaidi si pungufu. Namba hiyo ilikubaliwa na Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ikaanza kutumika Julai 1959. Kabla ya hapo ratili ya Marekani na ya Uingereza zilipishana kwa kiasi kidogo mno, kisichoonekana sokoni ila kinachoonekana maabara. Ile 7 ya mwisho haikuwekwa ovyo: ukigawa namba hiyo kwa 7,000, punje moja inatoka miligramu 64.79891 bila desimali kuendelea milele.

Kwa matumizi ya kila siku, nusu ya ratili ukitoa asilimia 10 inakupa kilo. Ratili 158 nusu yake ni 79, toa 7.9, unapata kilo 71.1; jibu sahihi ni 71.7. Njia hii hupunguza kwa karibu asilimia 0.8, kiasi kisichodhuru unapoongelea mzigo au uzito wa mwili. Kwenye dozi ya dawa au mafuta ya ndege, tumia namba kamili. Kurudi upande wa pili, zidisha kilo kwa mbili kisha ongeza sehemu ya kumi: kilo 70 ni ratili 154. Ukikuta Mwingereza amesema ana "eleven stone four", ujue "stone" moja ni ratili 14, kwa hiyo ni ratili 158, yule yule wa juu.

Angalia pia nani anayeuza. Mjerumani akiagiza "ein Pfund" sokoni anataka gramu 500, na Mfaransa anayesema "une livre" vivyo hivyo. Nchi hizo zilipohamia kilo, jina la kale halikutoka mdomoni; watu waliliviringisha tu hadi nusu kilo. Anayetafsiri mapishi ya Kijerumani kupitia Kiingereza huandika "pound", msomaji anapima 454, na unga unapungua gramu 46 kwa kila ratili.

Likiungwa na namba mbele na "-er" nyuma, neno hili hutaja kitu kwa uzito wake, lakini kwa mizinga uzito wenyewe si wa kitu kinachotajwa. Mzinga wa Kiingereza ulioitwa "25-pounder" haukuwa na ratili 25. Ulikuwa na zaidi ya tani moja na nusu. Ratili 25, yaani kama kilo 11.3, ni uzito wa kombora lake. Makosa ya aina hii nimeyaona katika tafsiri za historia ya vita, na yanachekesha kwa sababu mzinga wa kilo 11 ungebebwa begani.

Siku lita zilipozidishwa kwa ratili

Tarehe 23 Julai 1983, ndege ya Boeing 767 ya Air Canada ilikuwa inatoka Montreal kwenda Edmonton kupitia Ottawa. Geji ya mafuta ilikuwa mbovu, hivyo mafuta yalipimwa kwa kijiti kwenye matangi na kukutwa lita 7,682. Safari ilihitaji kilo 22,300. Ndege za aina hii zilikuwa za kwanza katika shirika hilo kutumia kilo. Nyingine zote zilitumia ratili.

Kujua uongeze lita ngapi, unageuza lita zilizopo kuwa kilo kwa kuzidisha na uzito wa lita moja, unatoa kwenye kilo zinazohitajika, kisha kilo zinazobaki unazirudisha kuwa lita. Lita moja ya mafuta ya ndege ina uzito wa kama kilo 0.8. Namba iliyotumika siku ile ilikuwa 1.77, nayo ni uzito wa lita moja kwa ratili. Wakazidisha 7,682 kwa 1.77, wakapata karibu 13,600 na kuziita kilo. Wakatoa kwenye 22,300, zikabaki 8,700. Wakagawa tena kwa 1.77, wakaongeza lita zipatazo 4,900. Hesabu sahihi ingeanza na kilo kama 6,200 ndani ya matangi, na ingedai lita zinazokaribia 20,000 za kuongeza. Ndege iliruka na ratili 22,300 za mafuta, chini kidogo ya nusu ya ilichohitaji, na hakuna namba hata moja kwenye karatasi iliyoonekana ya ajabu. Injini zote mbili zilizimika ikiwa angani juu ya Kanada ya kati. Rubani aliitelemsha kama nyiririko bila injini hadi kwenye uwanja wa zamani wa jeshi la anga huko Gimli, Manitoba, na watu wote 69 wakatoka hai.

Kosa hapa halikuwa la kuzidisha. 1.77 ilikuwa namba iliyozoeleka kazini, na haikuandikwa imeambatana na kipimo. Ingeandikwa "1.77 lb kwa lita" pembeni ya "kilo 22,300", macho yangegota hapo hapo.

Ratili inayosukuma

Mtego mwingine ni kwamba "pound" hutaja uzito wa kitu, yaani kiasi cha maada, na pia hutaja nguvu ya kusukuma au kuvuta. Mhandisi makini huandika "lb" kwa ya kwanza na "lbf" kwa ya pili. Nguvu ya "lbf" 1 ni nyutoni 4.448, ndiyo nguvu ambayo ratili moja huvutwa nayo na dunia. Sokoni tofauti haina maana. Angani ina maana: mwaka 1999 chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika Mirihi kwa sababu programu moja ya kompyuta ilitoa msukumo kwa "pound" za nguvu na nyingine ikausoma kama nyutoni. Kila namba ilikuwa imepishana mara 4.45.

Karakana nayo ina yake. Upepo wa tairi ukiandikwa 32 psi, maana yake ni "pound" 32 za nguvu kwa kila inchi moja ya mraba, sawa na bar 2.2. Hapo hakuna shida. Shida iko kwenye spana ya kukazia boliti kwa kipimo, kwa sababu zipo za "ft-lb" na za "in-lb", na futi ina inchi 12. Boliti ndogo ya milimita 6 ikiwa imeandikiwa 90 in-lb, inataka kama nyutoni-mita 10. Fundi akiseti 90 kwenye spana ya "ft-lb" ameiagizia nyutoni-mita 122. Boliti hiyo haifiki nusu ya safari: inakatika kichwa, au kama imeingia kwenye aluminiamu inatoka na meno ya tundu. Kabla ya kugusa spana, soma herufi zilizotangulia "lb", halafu jiulize kama namba inaendana na unene wa boliti.

Fedha, na alama zake

Kiswahili huita madini na pesa kwa jina moja, fedha, kwa hiyo historia ya pauni haitatushangaza. Mwishoni mwa karne ya 8, katika milki ya Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, ratili moja ya fedha ilikatwa sarafu 240. Waingereza wakafuata hesabu hiyo: peni 12 ni shilingi moja, shilingi 20 ni pauni moja. Kwa karne nyingi hapakuwa na sarafu ya pauni. Pauni ilikuwa jina la hesabu tu, rundo la peni 240. Vifupisho vyake vilikuwa L, s na d, vyote vya Kilatini: "librae", "solidi", "denarii". Hiyo ya mwisho ndiyo iliyozaa dinari. Mfumo huo ulidumu Uingereza hadi tarehe 15 Februari 1971, pauni ilipogawanywa kwa peni 100. Ukisoma riwaya ya kabla ya hapo ukakuta "£3 7s 6d", usiisome kama desimali: ni pauni 3, shilingi 7 na peni 6, yaani pauni 3 na peni 37 na nusu za leo.

Thamani na uzito zilishaachana siku nyingi. Sarafu ya pauni moja inayotumika sasa Uingereza, ile yenye pembe 12 iliyotolewa mwaka 2017, ina gramu 8.75. Ratili moja ya sarafu hizo ni pauni 52 hivi. Sentensi hiyo kwa Kiingereza ingekuwa "a pound of pounds is about 52 pounds", na ni sahihi kabisa.

Nchi nyingine zenye pauni kwa Kiingereza huenda haziiti hivyo nyumbani. Pauni ya Misri wenyewe huiita "gineih", kutoka kwenye "guinea", sarafu ya dhahabu ya Uingereza. Pauni ya Lebanon na ya Syria kwa Kiarabu ni lira, na hapo tumerudi kwa "libra".

Kwenye sarufi kuna jambo dogo linaloangusha wengi: "five pounds" ina "s", lakini noti yake ni "a five-pound note", haina. Namba na kipimo vikitangulia nomino kama kivumishi, "s" huanguka. Mtaani Uingereza utasikia pia "five pound" bila "s" mahali popote. Ni kawaida ya mazungumzo, usiiige kwenye mtihani. Na kwa maandishi alama ya fedha hutangulia namba, £5, wakati kifupisho cha uzito huifuata, 5 lb. Nafasi hiyo peke yake inatosha kukwambia kinachozungumziwa.

Marekani wanaongeza alama ya tatu. Mashine ya simu ikikwambia "press the pound key", inataka #, si £. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba # ni "lb" iliyopigwa mstari na kuandikwa haraka haraka na makarani hadi herufi zikapotea. Mpaka leo Marekani # ikitangulia namba ni "namba", na ikifuata namba ni ratili: #5 ni namba tano, 5# ni ratili tano. Waingereza huiita "hash". Kibodi zao nazo zimegawana: Shift na 3 hutoa £ kwenye ile ya Uingereza, na # kwenye ile ya Marekani. Ukiona bei imeandikwa "Â£20" kwenye tovuti, hakuna fumbo la fedha hapo. Alama ya £ huhifadhiwa kwa baiti mbili katika UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kusimba herufi, na programu iliyosoma kila baiti kama herufi yake imekutolea herufi mbili. Mwenye tovuti atangaze usimbaji wake ni UTF-8, yataisha.

Karatasi za Marekani hupimwa kwa # pia, na hapo nasema wazi kwamba mfumo wenyewe ni mbovu. "20# bond" maana yake ni kwamba karatasi 500 za ukubwa wa inchi 17 kwa 22 zina ratili 20. Hiyo ni gramu 75 kwa mita ya mraba, karatasi ya kawaida ya printa. Lakini kila aina ya karatasi ina ukubwa wake wa kuanzia. "80# text" ni gramu 118 kwa mita ya mraba, na "80# cover" ni gramu 216. Namba ni moja, "pound" ni ile ile, na karatasi ya pili inakaribia kuwa nzito mara mbili. Ukiagiza kwa mchapaji wa Marekani, taja gramu.

Zizi

"Pound" la pili halina Kilatini ndani yake. Ni la Kiingereza cha kale, nalo lilikuwa boma la kufungia mifugo iliyokamatwa. Ng'ombe akiingia shamba la mtu, au mdaiwa akikataa kulipa, mnyama alipelekwa kwenye "pound" ya kijiji, na mwenyewe hakumpata mpaka alipe. Kuvunja boma na kumtorosha mnyama wako lilikuwa kosa jipya, hata kama kumkamata kwenyewe kulikuwa na utata. Baadhi ya maboma hayo, ya mawe, bado yamesimama kwenye vijiji vya Uingereza. Kaskazini huitwa "pinfold".

Leo waliomo ni mbwa wasio na mwenyewe na magari yaliyokokotwa na polisi. "Impound" ni kitenzi chake, na wahandisi wa mabwawa hukitumia pia kwa kuzuia maji. Maji hayapo hapo kwa bahati: "pond", yaani kidimbwi, ni neno hili hili lililobadilika irabu, maji yaliyozungushiwa. Na kwenye mifereji ya vyombo ya Uingereza, kipande cha maji kilicho kati ya lango moja na jingine huitwa "pound" hadi leo. Mwenye boti akiacha vilango vya kupitishia maji wazi usiku, "pound" inakauka na asubuhi boti zimekaa kwenye tope.

Kutwanga

La tatu ni kitenzi, "punian" cha Kiingereza cha kale, kilichokuwa hakina "d". Hiyo "d" ilijipachika baadaye, kufikia karne ya 16, kwa sababu ulimi ukimaliza "n" uko tayari mahali pa "d". "Sound" ya sauti ilipata "d" yake kwa njia hiyo hiyo, maana Kifaransa walikoitoa ni "son". Sisi tulipokopa pauni tuliifanyia kinyume, tukaiacha "d" Uingereza.

Kiswahili kina vitenzi vingi mahali ambapo Kiingereza kina hiki kimoja, kwa hiyo mfasiri lazima achague. Kwa kinu na mchi ni kutwanga. Kitunguu saumu ni kuponda. Mlango ni kugonga, moyo ni kudunda, kichwa chenye maumivu ni kupwita. Mizinga "pounding" mji ni kuushambulia mfululizo. Kihusishi kinasaidia: "pound" ikifuatwa na kitu moja kwa moja, mara nyingi kitu hicho kinavunjika au kubadilika umbo; ikifuatwa na "on" au "at", kinapigwa tu na kubaki kama kilivyo. Na "pound the pavement" ni kuzunguka mitaani kutafuta kazi, lami haidhuriki.

Mapishi ya Marekani hukutanisha neno la kwanza na la tatu kwenye mstari mmoja: "1 pound chicken breasts, pounded to half an inch". La kwanza lina namba mbele yake na halina "of", kama wafanyavyo Wamarekani: gramu 454 za vidari vya kuku. La pili lina "-ed" na limetanguliwa na koma: vipondwe mpaka unene wa sentimita 1.27. Koma ina kazi, kwa sababu kilicho kabla yake ndicho unachopima na kilicho baada yake ndicho unachofanya baada ya kupima. "Pound cake", kwa upande mwingine, haipondwi. Imeitwa hivyo kwa sababu ya ratili moja moja ya unga, siagi, sukari na mayai, na ratili ya mayai ni makubwa kama 9 yakishavunjwa. Kwa kuwa asili yake haina hamira wala baking pauda, hewa yote hutoka kwenye kupiga siagi na sukari. Asiyepiga vya kutosha anapata tofali.

Wasio wa ukoo

"Expound" na "propound" zinafanana na "pound" ila hazina uhusiano na lolote kati ya hayo matatu. Zimetoka kwenye kitenzi cha Kilatini cha kuweka, "ponere", na "d" yao ni ya kujipachika pia. "Compound" ya kemia, yaani kilichowekwa pamoja, ni ya kundi hilo hilo, na "compound interest", riba juu ya riba, vilevile. Lakini kampaundi ya nyumba, ua wenye ukuta na geti, kamusi nyingi huitoa kwa Kimalei "kampung", kijiji au mtaa, neno ambalo Wazungu walilisikia bandarini Asia wakaliandika kwa tahajia ya neno walilokuwa nalo tayari. Inafanana na zizi kwa maana na kwa matamshi, na bado si ndugu yake.